Kizazi cha Pendo

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Hapa Mpui upepo umevuma tangu asubuhi, na Pendo amesimama kwenye kona ya banda, mgongo ameuelekeza kwenye baridi. Nimetoka kumfunika gunia, nikaona nikuandikie.

Wenye shamba walipoondoka walikuachia wewe, mtunza farasi wao, farasi watatu: dume Jabali, jike Tulia, na binti yao Pendo. Majirani walicheka, wakasema ng'ombe wangekufaa zaidi. Wewe ukasema tutazalisha farasi wa kupanda, watulivu, tuwauze kwa wanaotembeza wageni huko Kalambo. Nilikuwa chuo cha mifugo, nikanunua daftari. Kila likizo tulikaa jikoni kwa mama tukiandika nani ana kwato ngumu, nani hashtuki pikipiki ikipita.

Tulia alipozeeka, nikataka Pendo apandwe na Jabali, ili utulivu wao ukolee kwenye damu.

"Huyo ni baba yake, mama," uliniambia. Uliniita mama kila ulipotaka nikusikilize.

"Baba, wafugaji wakubwa wanafanya. Mara moja tu."

Ulilifunga daftari. Kisha ukasema, "Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Pendo alizaa nikiwa kwenye mitihani. Afisa mifugo alimvuta mtoto kwa shida. Nilipofika kesho yake nilimkuta mtoto amelala majanini, miguu ya mbele imejikunja, haikunjuki. Siku sita ulimwinua kwa mikono yako, ukimshika chini ya tumbo, ili anyonye. Siku ya saba akaacha kunyonya. Ulimzika mwenyewe, hukutaka nishike jembe.

Nilingoja unigombeze. Badala yake ulileta daftari. "Tumtafutie Pendo dume la mbali," ulisema. Tukalijadili mwaka mzima, mpaka kifua kikakulaza, ukatutoka.

Mwaka huu nimelipata, baba. Dume tulivu, halina undugu na wetu. Limempanda Pendo mara tatu, hakushika mimba. Juzi nikamwita yule yule afisa. Alimpima, akanitazama kwa mshangao.

"Dada, kizazi kilichanika siku ile. Nilimwambia mzee kwamba huyu hatazaa tena. Hakukuambia?"

Nikamjibu kwamba uliniambia, nimesahau tu. Sikutaka akuone mwongo.

Kumbe mwaka ule wote ulijua. Uliketi nami jikoni, ukabishana nami kuhusu urefu wa dume, ukanitajia hata majina ya watoto, nami nikayaandika yote. Mimi nilidhani umenisamehe kwa sababu mambo bado yanarekebishika.

Ningekuwa najua, ningelia ukiwa hai, ukaniona. Sasa namlilia Pendo shingoni, naye hasogei, ananingoja nimalize.

Lala salama, baba.

Binti yako