Kifaa Ambacho Sitakirudisha

Ijumaa, Kindu. Mvua imeacha mchana, lakini mimi ningali ninachemka.

Naandika nikiwa na hasira, na sitaipunguza.

Wakati wa vita bomu lilianguka karibu na nyumba yetu ya mtaa wa Mikelenge, nikiwa na mimba ya binti yangu Faida. Sikio la kulia lilikufa. La kushoto likabaki na mngurumo tu. Nimemlea Faida mpaka amekuwa fundi cherehani, na sauti yake sijawahi kuisikia. Ananiandikia katika daftari.

Leo wageni wa shirika la misaada wametuita hospitali, mimi na Faida. Wana mashine inayochapa vifaa vya masikio, tabaka juu ya tabaka, na roboti inayopanga ndani yake nyaya nyembamba kuliko unywele. Jumatatu walipima sikio langu la kushoto. Leo kifaa kilikuwa tayari, kidogo kama punje ya haragi. Hakuna mkono wa mtu ulioigusa kazi hiyo. Nakubali, ni kazi safi.

Wakanivalisha mbele ya kamera.

Maneno ya kwanza niliyoyasikia tangu vita yalitoka kwa mpiga picha wao, akimwambia mwenzake: "Huyu mama amekunja sura sana. Mutafute mwingine."

"Nimesikia," nikamwambia.

Kamera ikashuka. Mukubwa wao akaninyooshea kiganja. "Mama, turudishie. Hii ndo ya maonyesho tu. Za kugawa zitakuja kisha."

Ya maonyesho! Kimechapwa kwa kipimo cha sikio langu, hakiingii kwa mtu mwingine yeyote. Waliponipima hawakunieleza kwamba nitakirudisha.

Na aibu yangu ni hii: mkono wangu ulikuwa umeshafika sikioni, kukitoa.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, nzito kidogo, ya kukwaruza: "Mama yangu hatoi kitu. Kama munakitaka, mukuje mukitoe ninyi wenyewe."

Nikageuka. Midomo iliyokuwa ikitembea ni ya Faida.

Hakuna aliyesogea. Tukatoka.

Njiani alinyamaza, maana kwangu hajazoea kusema. Nikamwambia, sema, sema chochote. Akaanza kunisomea vibao vya maduka, kimoja kimoja, mpaka tukafika nyumbani. Sikulia mbele ya kamera yao. Nililia mbele ya kibao cha muuza misumari.

Wametuma ujumbe kwamba kesho watakuja kukichukua.

Wakuje. Nitawasikia wakipiga hodi.