Ramani Nyeupe ya Bakteria wa Mikarafuu

Maalim Makame,

Nimekasirika, na nakuandikia hivyo hivyo na hasira zangu. Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike Chukwani, na tayari wameshakufanya mwongo.

Unaukumbuka udongo wa Kizimbani, ule tulioufukua chini ya mikarafuu iliyokuwa ikikauka? Miaka mitatu ulikaa na bakteria wake. Ulisema aina mbili zile, inayoua mizizi na isiyodhuru, zina DNA yenye herufi karibu zile zile. Zinatofautiana kwa vialama vya kemikali vilivyobandikwa juu ya herufi. Ukavichorea ramani, kimoja kimoja, nami nikikusomea tarakimu kwenye kompyuta mpaka koo linanikauka. "Weye Salma," ulikuwa ukinitania, "ukisoma hivyo hata bakteria watalala."

Basi sikiliza walichofanya. Mkuu mpya wa maabara alitaka kipimo kirudiwe kabla wageni wake hawajafika. DNA iliyobaki ilikuwa tone tu. Akaniamuru niizidishe kwanza kwenye mashine ya kunakili, ndipo tuisome. Nikaizidisha. Mimi, mwanafunzi wako, kwa mikono hii. Ramani ikatoka nyeupe, haina alama hata moja, na yeye akasimama mbele ya wageni akasema alama za marehemu zilikuwa makosa ya vipimo. Alilitamka hilo "marehemu" kwa upole, kama anayekusamehe. Nilitamani kumrushia kikombe cha chai.

Sikurusha. Nilinyamaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nimeanza kukutilia shaka. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nilikuja kuzinduka Ijumaa, nikimwangalia binti yangu akinakili sura yake ya Kurani ya chuoni. Herufi zote kaziandika, irabu, vile vialama vya juu na chini ya herufi, kaziacha. Papo hapo nikakumbuka siku niliyokuuliza kwa nini tunahangaika kukuza bakteria wengi hivyo badala ya kuizidisha DNA yao. "Mashine ile yaandika herufi tu, nnakwambia. Irabu haizijui." Ulisema hivyo huku unakula muhogo, kisha ukaendelea kula.

Mara moja tu! Kwa nini hukuiandika, Maalim? Nimepekua madaftari yako yote, haimo. Kwako lilikuwa jambo la wazi mno. Na maradhi yako nayo uliyafanya hivyo hivyo. "Homa tu, itapita," ukatupungia mkono kama mtu anayekwenda Darajani kununua samaki. Hasira nyingine ni juu yako wewe, na sioni haya kukwambia.

Nilimfuata mkuu nikamweleza. Akanijibu kwamba ripoti imeshakwenda, na mikarafuu haifi kwa karatasi. Inakufa! Kwa ripoti ile watu wa shamba wataambiwa udongo uko salama, wapande miche mipya mahali pale pale.

Ndani ya friza nikakuta kichupa chenye mwandiko wako, bakteria wangali hai. Nimewakuza siku nne, nikatoa DNA ya kutosha, nikaisoma ilivyo bila kuinakili. Alama zote zipo, pale pale ulipozichora. Nililia juu ya kompyuta, na Mungu anisamehe, nilitukana pia.

Kwaheri, Maalim wangu. Mola akupanulie kaburi lako. Nakuahidi hivi: kesho naipeleka ramani yako shambani mwenyewe, kabla hawajaanza kuchimba mashimo ya miche, pamoja na barua ya masahihisho yenye jina langu. Wakinifukuza kazi, wanifukuze. Nitasema mbele ya mkuu na yeyote atakayekuwapo kwamba marehemu hakukosea. Aliyekosea ni mimi, niliyeambiwa nikasahau, kisha nikanyamaza.

Mwanafunzi wako,
Salma