Mbwa Asimamaye Mbele ya Kwale

Kambini, upande wa Bulyanhulu,
Wilaya ya Kahama.
Ijumaa, baada ya sala.

Mdogo wangu Maalim Hamadi,

Assalaam aleykum. Kwanza niambie habari ya kifua chako, maana barua yako ilikuwa ndefu ya kunigombeza na fupi ya afya. Na mama yetu je, bado anaamka alfajiri kuswali bila kushikwa mkono? Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi hujifanya mtabiri wa mvua na mara nyingi hukosea.

Umeandika kwamba watu wa Pangani wamekwambia kaka yako, mtu wa mvi, anaishi na mbwa. Wamesema kweli. Chombo chake ki mbali na changu, na akinilamba naosha mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa. Tena ni mbwa wa kuwindia aliyefunzwa, na wewe wajua kuliko mimi kwamba huyo ana hukumu yake. Lakini sitaki kubishana na mwalimu wa chuo. Nataka nikusimulie nilichokiona, kwa sababu sijawahi kusema Subhanallah mara nyingi kwa ajili ya kiumbe kimoja.

Anaitwa Bela. Alikuwa wa mtaalamu mmoja wa miamba, mgeni kutoka ng'ambo, ambaye alihamishwa ghafla akaniachia mimi, mtunza stoo wake, kwa kuwa wengine wote kambini walimwogopa. Aina yake huitwa pointa, maana yake mwenye kuonyesha. Ni mweupe mwenye mabaka ya rangi ya ini, manyoya mafupi kama ya ndama, kifua kirefu cha mkimbiaji, na pua anayoibeba juu. Mbwa wetu huinamisha pua kufuata nyayo. Huyu husoma upepo. Yule mgeni alinieleza kwamba watu wa Ulaya waliwalea hivi tangu zamani, kabla bunduki hazijaenea. Mbwa akisikia harufu ya ndege, kama kwale, majanini alitakiwa asimame, asibweke, asiruke, mpaka watu waje na wavu. Kizazi baada ya kizazi wakachagua wenye kusimama vizuri, hata kusimama kukaingia damuni. Fikiri, Hamadi: mnyama mla nyama, njaa tumboni, windo hatua tatu mbele yake, naye anajizuia kwa ajili ya mtu aliye nyuma. Mimi funga yenyewe hunishinda kuificha usoni.

Basi kusimama huko nusura kumuue.

Mwezi uliopita kichaa cha mbwa kiliingia kijiji jirani. Mtamba mmoja aling'atwa akafa, na mwenyekiti wa kijiji akaamuru mbwa yeyote mwenye dalili auawe. Asubuhi moja kina mama waliokuwa wakienda kuchuma pamba wakamkuta Bela kando ya shamba. Mguu mmoja juu, mkia umenyooka kama fimbo, macho hayapepesi, udenda unadondoka. Wakamwita, hakugeuka. Wakamrushia bonge la udongo, hakutikisika. Wakatupa vikapu wakakimbia. Sitawalaumu, maana dalili zote walizoambiwa walikuwa wameziona.

Nilikuwa nimeshamrudisha na kumfunga kambini mwenyekiti alipofika na wanaume wanne wenye marungu. Pamoja nao alikuwa Mzee Masanja, mwindaji wa hapa, mwenye upinde wake. Tukasalimiana kwa adabu, mwangaluka, mwangaluka, kisha mwenyekiti akaniomba nisimame kando. Nilieleza yote niliyokueleza wewe, na zaidi. Walinisikiliza kwa upole, kama mtu anavyomsikiliza mfiwa.

Masanja, ambaye huniita karani kwa sababu ya daftari langu la stoo, akasema, "Karani, mimi nimefuga mbwa tangu sijaota ndevu. Mbwa akiona nyama anakwenda. Asiyekwenda ni mgonjwa, au ni mkwe wa kwale."

Walicheka, nami nikapata upenyo. Niliwaomba wamjaribu: kesho yake asubuhi tutoke naye, Masanja atembee karibu na mshale tayari. Bela akisimama mbele ya majani matupu, amchome. Mwenyekiti alifikiri, akakubali.

Tulitoka jua likichomoza. Bela alikatiza majanini kulia na kushoto dhidi ya upepo, mwepesi hata nikasahau hofu. Ghafla akaganda, mguu juu. Masanja akavuta upinde. Nikapita mbele ya mbwa nikikanyaga majani. Hakuna. Nikakanyaga tena. Hata panzi.

Mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee, umeona mwenyewe."

Nikakumbuka kwamba kwale ni mjanja, hutembea chini ya majani kabla ya kuruka, nikawasihi wangoje kidogo tu. Masanja hakushusha upinde. Bela akashusha mguu, akanyata hatua kumi hivi, tumbo likigusa ardhi, akaganda mara ya pili. Safari hii Masanja hakuningoja. Alipita yeye mwenyewe kando ya kichwa cha mbwa, akaingiza mguu kichakani.

Kwale saba waliruka usoni pake kwa kishindo. Mzee aliketi kitako. Bela alikuwa amesimama vilevile, anatetemeka mwili mzima, anawatazama wakienda zao. Hakuna aliyekumbuka kurusha mshale.

Masanja alibaki ameketi pale chini, uso wake umelingana kimo na uso wa mbwa. Akamwambia, "Wabeja," ndiyo asante ya Kisukuma. Kisha akanigeukia. "Karani, mbwa wangu hunipa habari ya walichokwisha kuua. Huyu ananiuliza kwanza."

Mwenyekiti alitoa hukumu palepale: mbwa aishi, ila asitoke bila kamba mpaka ugonjwa upite. Nami nikaona haki.

Tangu hapo Masanja huja kila jioni, nami, unanijua, namweleza. Kwamba huyu hafundishwi kwa kipigo, akipigwa huvunjika moyo na haonyeshi tena. Kwamba ngozi yake nyembamba haiwezi kulala nje kwenye baridi, wala kustahimili kupe na mbung'o, hivyo akaguliwe masikio na katikati ya vidole kila atokapo porini. Kwamba asipokimbizwa kila siku hukonda kwa huzuni, na asipewe mifupa ya kuku. Jana nilimkuta ameushika mguu wa Bela mapajani, anautoa mwiba, akimbembeleza kwa Kisukuma kama mtoto anayechanjwa. Amekubali kukaa naye likizo yangu yote. Kwa hiyo nitakuja Maulidi, Hamadi. Nilikuwa nimekata tamaa ya kumpata wa kumwachia.

Nibusie mama mkono. Nisalimie mkeo, mama watoto, na shemeji yetu fundi cherehani, na shangazi wa Bweni ambaye bila shaka ndiye aliyekuletea habari za mbwa. Mwambie kwamba alisikia nusu tu.

Ni mimi kaka yako, mwenye kukuombea kifua chepesi,
Salehe