Sumu ya Shosho Adele

Oxon Hill, Maryland

Mama yangu mpendwa,

Goti linaendeleaje? Na yule ng'ombe mwekundu, alizaa salama? Mimi mwili mzima, ila roho haijatulia. Nakuandikia kwa sababu simu ukipokea unaweka sauti juu, boma zima linasikia, na haya ni ya masikio yako tu.

Yule bibi mzungu ninayemtunza, Adele, mimi humwita Shosho, kama nyanya yangu. Ujanani alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Usidhani alikuwa nyota, la! Miaka thelathini alizunguka miji kwa treni akiigiza vijakazi na mashangazi. Sehemu kubwa aliipata mara moja, ya mwanamke aliyemuua mumewe, nayo aliipata kama mtu wa akiba: kila jioni avae, akae nyuma ya pazia, mwenye sehemu akiugua ndipo aingie. Miezi minane, Mama! Mwenye sehemu hakushikwa hata na mafua.

Haya yote amenisimulia jana tu. Kabla ya hapo, asubuhi moja nikimlisha uji, alinikazia macho akasema polepole, "Nilimtilia sumu kwenye chai. Tone moja moja, mwezi mzima." Woi! Na mumewe alishakufa kweli, zamani. Kazi hii yetu ina daftari, na neno lolote zito la mgonjwa lazima liandikwe. Nikaandika. Tangu siku hiyo nikawa nabeba chai yangu kutoka nyumbani.

Binti yake akasoma, akaita daktari. Daktari kumuuliza tu, Shosho akainuka akaigiza yote, machozi na mikono, maana hatimaye amepata watazamaji. Wakasema akili imeruka. Jumatatu anahamishiwa makao ya wazee waliopoteza kumbukumbu, mji wa Columbia, na mlango wake hufungwa kwa nje.

Jana nikifunga nguo zake nikakuta kitabu cha mchezo, maneno yale yale yamepigwa mstari. Nikampigia binti, nikapigia ofisi iliyoniajiri. Wote jibu moja: daktari ameshatia sahihi. Basi nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikamwambia ni mimi niliyeandika.

"Uliniamini?" akauliza.

"Niliogopa hata maji ya jikoni kwako, Shosho."

Akanishika mashavu, akalia kwa furaha. "Miaka yote ile," akasema, "hakuna hata mmoja aliyeniamini. Asante, mwanangu."

Nimemtoa mzee wa watu nyumbani kwake, Mama, kwa kalamu yangu mwenyewe.

Nisalimie Baba Mdogo anayetuchungia ng'ombe, na dada yangu mshonaji, ila kisa hiki usiwape. Ukiniombea kanisani, usiombe Shosho anisamehe. Ameshanisamehe, tena ananishukuru, na hapo ndipo panaponiuma.

Ni mimi mwanao,
Nekesa