Maswali Niliyomuuliza Baba Dirishani

Dodoma, Jumapili

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi ya Namswea? Kahawa mmeshaanza kuchuma? Mimi mwili ni mzima. Nimeamua kuandika kwa sababu simu ya nyumbani mnaiweka sauti kubwa ili Baba asikie, na haya sitaki yafike kwa jirani.

Juzi ulinishukuru kwa kumpokea Baba vizuri hapa hospitali. Ukasema amekwambia daktari hakuona tatizo. Nikasingizia mtandao, nikakata. Mama, Baba hakumwona daktari yeyote. Mimi ndiye niliyemfukuza, ingawa sikumwambia atoke.

Alifika Jumatatu, siku tunayojaza watu kuliko zote. Ukumbi wetu wa mapokezi ni vigae chini na bati juu, hauna dari. Watoto wanalia, televisheni inaongea, majina yanaitwa kwa spika. Mimi nakaa dirishani, naandikisha wagonjwa na kuwauliza wanaumwa nini. Kutwa napaza sauti mpaka nimeacha kujisikia.

Baba akasogea akitabasamu, kofia mkononi. Masikio yake unayajua, tangu afanye kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa pale Mbinga. Nikamuuliza anasumbuliwa na nini, akainama akaninong'oneza. Sikusikia. Akanong'ona tena. Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika, nami nikaona aibu kwamba anayewachelewesha ni baba yangu. Nikakisia kwa umri wake, nikamuuliza kama ninavyowauliza wote: "Mkojo unakutoka bila kujua?"

Akasema, "Polepole, mwanangu."

Nikadhani hajasikia. Nikarudia kwa nguvu zaidi, nikaongeza, tangu lini.

Watu wakageuka. Mama mmoja kwenye benchi akavuta kitenge chake pembeni. Mwanaume fulani akacheka. Baba akavaa kofia yake, akasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mimi siumwi. Nilikuja kumsalimia binti yangu."

Akatoka. Nilipopata wa kunishikia dirisha nikakimbilia nje, sikumwona. Alikuwa ameshakwenda stendi.

Jumatano nilikuwa na mapumziko. Nikaenda kukaa kwenye benchi la nyuma, kama mgonjwa. Mama, nilisikia kila kitu. Pale dirishani hatusikilizani, lakini bati linarudisha maneno kwenye mabenchi moja baada ya jingine. Nikajua kidonda cha mzee mmoja kiko wapi. Nikajua msichana aliyeharibikiwa mimba, na jina lake. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatangaza watu hivyo, nao wananiita dada, wananishukuru.

Nimemwomba muuguzi mkuu chumba kidogo cha kuwaulizia watu. Amesema atafikiria. Kwa sasa wasiosikia nawapa karatasi waandike, na wasiojua kuandika natoka dirishani nakaa nao pembeni. Haichukui muda mrefu. Hilo ndilo linaloniumiza, kwamba kwa Baba pia lingewezekana.

Tatizo lake linatibika, ila asilikalie. Tafadhali mbembeleze aende hospitali ya Litembo, Kaka Otmari ampeleke na bodaboda yake. Otmari awaombe wahudumu kule wamsikilize chumbani. Mimi nisitajwe kama itamfanya akatae. Najua kwa nini amewadanganya: anataka muendelee kunisifu kwa majirani. Kila nikikumbuka unavyonishukuru, chakula kinanishinda.

Nisalimie Bibi, na umwambie namwombea. Msalimie wifi yangu, mke wa Otmari, na watoto wao. Mjomba wa Mbamba Bay mwambie dagaa wake wa usipa walifika salama, nimegawana na wenzangu.

Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine iliyokunjwa. Hiyo ni ya Baba. Usimsomee, mpe asome mwenyewe. Nimeianza kwa shikamoo, kwa sababu siku ile dirishani sikumwamkia.

Ni mimi binti yenu,
Imelda