Kamba Uliyosema Tusiiguse

Ni mwaka mmoja sasa tangu utuambie unarudi, Baba.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Ulikuwa nje ukikata kichaka chako cha nyasi za mapambo kilichoko mlangoni, kile chenye mashuke ya zambarau yanayowapapasa wageni usoni. Ulikuwa umekifunga kamba kiunoni, kama ulivyofanya kila mwaka kabla ya mvua, ili majani yasitawanyike. Ukakata nusu. Ukaingia jikoni ukamwambia Mama, "Hiyo kamba msiiguse. Nanywa maji, narudi kumalizia." Ukakaa kwenye kigoda. Soksi ya mkono wa kulia uliivua. Ya kushoto hukuwahi.

Daktari alisema ni moyo. Kitinda mimba wako akamjibu, "Haiwezekani, daktari. Ana kazi nje." Mpaka leo hatuna jibu bora kuliko hilo. Hukuugua, hukulalamika, asubuhi ile ulikula vipande vinne vya mkate ukadai cha tano. Bado tumeduwaa, Baba.

Wasiokujua watashangaa habari ya soksi. Majani ya nyasi zile yanakata, nawe glavu za kazini ulikuwa ukiwaachia wenzako. Basi ukatoboa matundu ya vidole kwenye soksi kuukuu, ukazivaa mikononi, na saa ukaifunga juu yake. Miaka thelathini na moja ulitunza bustani ya ofisi za maji, na wakubwa wa pale walikuamkia kwa kushika soksi. Tulipokuwa wadogo tuliona aibu. Leo tunaitamani aibu ile.

Mtaani ulikuwa Bwana Nyasi. Jirani yetu fundi cherehani hakuchoka kukutania: "Wenzako wanang'oa nyasi, wewe unazipanda!" Nawe ulikuwa na jibu lako: "Wewe unakata kitambaa kizima halafu unakishona tena. Nani mwenye wazimu hapo?" Kumbe naye ulishampa shina, likamea mbele ya duka lake. Nyua nyingi hapa mtaani zina mtoto wa kichaka kile. Mwenyewe ulikileta kutoka kazini kikiwa konzi moja ndani ya gazeti, mwaka ulipomwoa Mama.

Kwa watu ulikuwa mpole, kwa nyasi ulikuwa mkali. "Hizi hazitaki huruma," ulitufundisha. "Jua tele, maji kidogo, na mara moja kwa mwaka zinyolewe, zibaki shibiri moja."

Tulisikia yote, tukashika moja tu: kamba msiiguse. Siku ya mazishi, Baba Mdogo alichukua mundu amalizie kukata, ili mlangoni pawe nadhifu. Mama, ambaye hatukuwahi kumsikia akipaza sauti, alipiga ukelele hadi waombolezaji wakanyamaza. "Mwachie! Amesema anarudi!" Hakuna aliyethubutu tena.

Mvua zikaja. Nusu uliyoikata ikachipua. Nusu iliyofungwa ikabaki imesimama na kamba yako, na Mama akawa anaimwagilia kila asubuhi, ndoo nzima, huku akiisemesha. Tulijua anakosea. Nani angemwambia? Mwenye kovu usidhani kapoa.

Mwezi uliopita kitinda mimba alishika yale mashuke makavu ayapanguse vumbi, yakang'oka yote mkononi mwake. Chini palikuwa pameoza. Katikati ya kichaka palikuwa peusi, na uozo ulikuwa umeanza kutambaa kuelekea upande wako wa kijani. Mama alikaa pale pale kwenye udongo. "Nimekiua mwenyewe," alisema. "Kwa maji."

Baba Mdogo alichuchumaa kando yake. "Shemeji, kaka alikuwa anasemaje? Katikati pakifa, patupe. Chimba pembeni, ukapande upya. Pembeni bado ni pazima."

Mama alijipangusa udongo mikononi. Kisha akasema, "Nileteeni zile soksi."

Alizivaa zote mbili. Fundo lako hakulifungua, Baba. Aliipandisha kamba taratibu ikavuka juu ya mabua, na sasa inaning'inia msumarini nyuma ya mlango wa jikoni, fundo likiwa kama ulivyolikaza. Halafu akakata. Shibiri moja, kwa kupima na mkono wake. Baba Mdogo akapasua kichaka kwa sepetu, tukapata mashina matano mazima. Moja limerudi mlangoni, mengine yamekwenda kwenye nyumba zetu. Yote yameshachipua isipokuwa la mkweo, na huyo unamjua, hata gugu la barabarani lingemfia.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye siku hizi anamwagilia kikombe kimoja, tena kwa kujizuia, watoto wako watatu, mdogo wako, anayelala na sepetu lako chumbani asije mtu akaliazima, mkweo, wajukuu wako wanne, na fundi cherehani, ambaye tangu uondoke hajapata mtu wa kumtania.

Mama ametuagiza tuandike hivi: kamba ameigusa yeye, usije ukamgombeza mtu mwingine. Kazi ya nje imekwisha. Pumzika, usirudi kwa ajili ya kazi hiyo.

Daima tutakukumbuka, Baba.