Nyanjige Luhaga, Mama Aliyekunywa Maziwa ya Bibi Mboje

Mama, mwaka umepita tangu tukuzike hapa Kasoli, na nyumba bado haijazoea. Ndama uliowapa majina ya wakwe zako wamekuwa wakubwa, na hakuna anayethubutu kuwaita.

Tunakukumbuka kwa kazi uliyojipa mwenyewe. Ukisikia bibi kizee fulani ameitwa mchawi kwa kuwa macho yake ni mekundu, ulijifunga kitenge ukaenda, iwe Kimali, iwe Mwamapalala. Hukubeba hata fimbo. Ulikaa mlangoni kwake, ukamwomba chakula, ukala mbele ya watu waliokuja na mapanga. Kwa jirani yetu Bibi Mboje ulimaliza kibuyu kizima cha maziwa ya mgando, kisha ukawaambia: "Nimekunywa na mnaniona. Haya, nendeni mkapalilie pamba."

Wakaenda. Ukarudi umeshiba mpaka ukaukataa ugali wetu, tukakucheka.

Wiki hiyohiyo tumbo likakukata. Daktari alisema utumbo umepasuka, ugonjwa wa siku nyingi. Lakini kabla hata matanga hayajaisha, watu walishaanza kunong'ona habari za kibuyu. Ndugu mmoja wa ukoo, hatumtaji, naye anajua tunamsema, akaenda kwa mganga. Kuku akapasuliwa, jina likatoka: Mboje.

Tuseme ukweli, mama, shaka ilituingia hata sisi. Baba aliacha kumsalimia. Halafu tukaanza kujiuliza mengine. Mbona mganga hakuuliza lolote kuhusu ugonjwa wako? Mbona wanaovumisha zaidi ndio wanaopakana na shamba la Bibi Mboje? Na mbona tukiwauliza wanatazama pembeni?

Nanyi mnaovumisha, tunajua mnasoma hapa. Violeth, kitinda mimba wa marehemu, alihamia kwa Bibi Mboje tangu mavuno, wanalala chumba kimoja. Atakayefika pale atamkuta binti wa Nyanjige mlangoni.

Tumekukosa sana, mama. Tunaogopa, na wewe hukutufundisha namna ya kutoogopa, ulikwenda tu.

Unakumbukwa na mume wako Ngassa, watoto wako Clement na Violeth, mkamwana wako Philomena, wajukuu wote, na Bibi Mboje, ambaye kwenye misa ya Jumamosi ataketi juu ya mkeka wa wafiwa, kando ya baba. Ni baba mwenyewe aliyetaka jina lake liandikwe hapa.

Hutatutoka moyoni, mama, maisha yetu yote.